Swali la Kumi na Nne

Jumamosi, Tumati. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, na sasa ni saa tisa alasiri bado haujaondoka. Nimevaa masweta mawili na vidole bado vinagoma kuandika.

Shajara, leo sina maneno mazuri. Nimekaa kwenye jiwe nyuma ya kanisa, maana ndipo mtandao unaposhika, na nimelia mpaka nimemaliza, au nafikiri nimemaliza. Mama mmoja amepita na mzigo wa kuni, nikamwamkia huku nimeangalia chini, naye akajua. Hakuniuliza kitu. Watu wa huku hawakuulizi wewe, wanapita tu, kisha wanakwenda kumuuliza mama yako.

Nafasi ya kusoma shahada ya pili nimeikosa. Naandika hivyo mapema ili nisije nikaizunguka.

Nimeikosa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ni miaka mitatu sasa tangu nimalize chuo. Shahada ya maendeleo vijijini, na picha ya joho iko ukutani sebuleni, Mama anaifuta vumbi kuliko anavyofuta meza. Tangu hapo nimekwenda usaili Dodoma mara nne. Mara ya kwanza nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuolewa. Mara ya nne nilikwenda na kandambili kwenye mkoba, nikijua nitatembea sana jioni. Katikati hapo nimefundisha jiografia kwa kujitolea kwenye sekondari moja kule Nambis, ambako mkuu wa shule alinitambulisha kila mahali kama "mwalimu wetu wa kujitolea", mpaka nikahisi hilo ndilo jina la ukoo wangu.

Aliyenishtua ni Halima. Tulilala chumba kimoja hosteli miaka mitatu, yeye mtu wa Tanga, mdomo hauna breki. Alinipigia akaniambia, "Yasinta, kaa hukohuko Mbulu na unyenyekevu wako. Shahada moja siku hizi kila mtu anayo. Soma ya pili, na utafute watu. Waandikie. Wajue kwamba upo."

Utafute watu. Jamani, ni rahisi kusema. Mimi nililelewa kwamba ukikutana na mkubwa, unamwamkia halafu unasubiri. Anakuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo. Shida yako unaitoa mwishoni kabisa, na kama hakukuuliza umefuata nini, unarudi nayo nyumbani. Na neno koneksheni kwetu lilikuwa jina la heshima la upendeleo. Baba akilisikia redioni anasonya.

Lakini niliandika. Nilimwandikia Dokta Nasra, mwalimu wangu wa mwaka wa tatu, anayefanya utafiti wa wakulima na wafugaji. Ujumbe ulikuwa mrefu. Shikamoo Dokta, habari za kazi, habari za familia, huku tunaendelea vizuri, mvua mwaka huu zimechelewa ila mahindi yamejitahidi, nakutakia siku njema. Nikatuma. Nusu saa baadaye akajibu: "Marahaba Yasinta. Sasa nikusaidie nini?"

Nilisahau kuomba! Halima aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

Basi, nikaomba. Na Dokta, Mungu ambariki hata leo, hakunizungusha. Alisema ana kazi Gendabi, kule Hanang, anataka kujua familia zinazolima na zinazofuga zinavyogawana maji, majani na mabua baada ya mavuno. Alihitaji mtu anayejua lugha na watu wa huku, aingie nyumba kwa nyumba na dodoso. Nikifanya vizuri, mradi una nafasi moja ya mwanafunzi wa shahada ya pili, ada na kujikimu humohumo. Alisema, "Nafasi hiyo nakufikiria wewe."

Nilimwambia Baba siku hiyohiyo. Baba si mtu wa kurukaruka, aliitikia tu, akaenda kufunga mlango wa zizi. Lakini Jumapili iliyofuata baada ya misa nilimsikia anamweleza mzee mmoja wa jumuiya kwamba binti yake anakwenda kusoma tena. Wiki iliyofuata jumuiya nzima iliniombea. Mwenyekiti wetu alitaja jina langu na neno "masta", na wazee wakaitikia amina kwa sauti, ingawa sidhani kama wote walijua masta ni nini.

Nikaenda Gendabi. Nililala kwa shangazi, na kila asubuhi nilitoka na kishikwambi kwenye mkoba, kaya arobaini za kumaliza kwa wiki tatu. Nilikuwa najisikia mtu, naomba niseme ukweli. Nilinunua hata kalamu mpya wakati kazi yenyewe haikuhitaji kalamu.

Dodoso lilikuwa zuri mpaka swali la kumi na nne.

Swali la kumi na nne liliuliza: una ng'ombe wangapi?

Labda anayesoma hapa ni mtu wa mjini, haoni tatizo. Ngoja nieleze. Kwetu mzee haulizwi idadi ya ng'ombe wake. Wageni wanaweza kukosea, lakini mtoto wa huku, aliyekunywa maziwa ya huku, akiuliza hivyo ni kama anawatakia ng'ombe hao vifo. Mwenyewe hawataji kwa namba. Anajua kila mmoja kwa rangi yake, kwa mama yake, kwa mwaka aliozaliwa, lakini kusema wako wangapi kwa namba, hapana. Nimelelewa hivyo. Sijawahi kumsikia Baba akitaja namba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Tluway. Mzee mtulivu, anasikia kidogo upande mmoja, ana macho ya kuchekacheka. Nilimwamkia, nikaketi, nikapewa chai. Swali la kwanza mpaka la kumi na tatu tulikwenda kama watu wanaopiga soga. Nikafika la kumi na nne. Nilijaribu kuliruka, kishikwambi kikagoma, kikaandika kwa rangi nyekundu kwamba swali hili ni la lazima.

Nikageuza macho zizini. Nikahesabu kimyakimya. Kumi na mmoja. Nikaandika kumi na moja, nikaendelea na la kumi na tano.

Ilikuwa rahisi mno. Nilitoka pale nikijipongeza, yaani nimemtunzia mzee heshima yake na Dokta nimempatia namba yake. Nyumba ya pili nikafanya hivyohivyo. Ya tatu, ng'ombe walikuwa wamekwenda malishoni, nikakadiria kwa kinyesi na kwa ukubwa wa zizi. Ya nne sijui hata nilikadiria kwa kitu gani. Kaya arobaini, Shajara. Sikuuliza hata moja.

Kila jioni nilikuwa naiona namba ya Dokta kwenye simu. Ningeweza kumpigia, nimwambie, Dokta, swali hili huku haliulizwi hivi. Maneno machache tu. Lakini Dokta ni mkubwa wangu, na swali ni lake, amelitoa chuoni. Mimi nani nimwambie swali lake baya? Na nilikuwa naogopa akisikia siwezi kuuliza swali moja dogo, ataona hata shahada nyingine siiwezi. Nikanyamaza. Kunyamaza huko nikakuita heshima.

Ilikuwa woga. Leo naliandika neno lenyewe.

Dokta akaja kuhakiki. Kumbe ndivyo kazi hizo zilivyo, mwenye utafiti anachagua nyumba chache, anazirudia mwenyewe. Na ya kwanza akachagua kwa Mzee Tluway.

Dokta Nasra ni mtu wa watu. Alimwamkia mzee kwa heshima zote, akauliza wajukuu, akanywa chai yote bila kubakiza. Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akauliza, "Mzee wangu, ng'ombe wako ni wangapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kigoda changu.

Mzee akamtazama, kisha akanitazama mimi, akacheka. Akasema, "Wewe mama ni mgeni, hujui, na umeniuliza vizuri. Nitakujibu. Huyu angeniuliza ningemtoa hapa na fimbo." Dokta akacheka naye. Mimi sikuweza. Mzee akanyoosha mkono zizini. "Hapo wangu ni watatu. Waliobaki ni wa watu, nawatunza. Maziwa nakunywa, mbolea napata, ndama ni wa mwenyewe. Na wangu wengine wako kwa watu, huyu hapa, yule pale. Ugonjwa ukiingia hapa hauwezi kunimaliza wote siku moja. Na nikipata shida, watu wangu ni wale waliokaa na ng'ombe wangu."

Dokta akatazama kishikwambi. Kumi na moja. Akaniuliza taratibu, "Hii umeipata wapi?"

Nikasema, "Niliona."

Mtu wa Mbulu mzima, mtoto wa mfugaji, nikahesabu zizi nikadhani nimehesabu mali ya mtu! Ng'ombe kukaa kwa watu ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili huku analijua. Mimi nilikuwa nalijua. Lakini nilikuwa na haraka ya kupita lile swali, na mtu mwenye haraka anaona pembe tu.

Kwenye gari Dokta aliniuliza ni nyumba ngapi nimeziandika hivyo. Na hapa, Shajara, ndipo panaponiuma zaidi kuliko pote. Nilisema, "Chache."

Alirudia nyumba nyingine tatu siku ileile. Zote tatu namba zangu zilikuwa za uongo. Baada ya hapo hakuniuliza tena ni ngapi. Aliegemea mlango wa gari akaniambia maneno ambayo naweza kuyasema usingizini. "Yasinta, swali lilikuwa baya, hilo ni kosa langu. Ungenipigia simu ningelibadilisha siku hiyohiyo. Sikukuchukua wewe ili ujaze namba. Nilikuchukua kwa sababu unajua nisiyoyajua, halafu hukuniambia."

Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita. Siku zote hizo nimeishi na tumaini la kijinga, kwamba labda atanisamehe kimyakimya na jina langu litapita. Leo saa nne asubuhi, nikiwa hapahapa kwenye jiwe, ujumbe umeingia. Nafasi amepewa mwombaji mwingine. Na barua ya kunipendekeza kwingine hataweza kuiandika kwa sasa. Ananitakia kila la heri. Ameanza na "Mpendwa Yasinta" na hilo ndilo lililoniliza.

Nilirudi nyumbani. Mama yuko kwa dada yangu aliyejifungua, kwa hiyo Baba alikuwa peke yake uani, amekaa kwenye turubai anapukuchua mahindi. Nikakaa upande wa pili, nikachukua gunzi, nikaanza kupukuchua. Niliwaza nimdanganye. Nimwambie mradi umefutwa, au wafadhili wamejitoa, Baba angeamini. Halafu nikakumbuka lile "chache" langu kwenye gari, nikajichukia.

Nikamweleza yote. Swali, zizi, Mzee Tluway, neno nililosema garini. Nilimweleza kwa Kiiraqw, na kwa Kiiraqw mambo haya yalikuwa mabaya zaidi, hayana pa kujificha. Baba hakuacha kupukuchua hata mara moja. Nilipomaliza, akaniuliza, "Kwa huyo mzee uliandika wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Akatikisa kichwa, nikaona kama anataka kucheka. Halafu akaniuliza, "Na hapa ungeandika wangapi?"

Baba yangu, aniulize hivyo! Akasema, "Hesabu. Nimekuruhusu mimi."

Nikatazama zizi letu. Nilisema, "Saba."

Akaitikia, "Saba." Akapukuchua gunzi zima mpaka likaisha. Akalitupa kwenye rundo. Ndipo akasema, "Wa kwetu ni mmoja."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anataja mfano.

Akanieleza bila kunitazama. Wa kwetu walianza kuuzwa kwa ajili ya ada nilipoingia mwaka wa kwanza. Kila nilipofunga chuo nikarudi likizo, niliwakuta ng'ombe zizini, nikaridhika. Kumbe walikuwa wanaingia wa watu, wanatoka wa kwetu. Baba mwenyewe alikwenda kuomba aaminiwe, apewe ng'ombe wa watu wa kulisha, ili maziwa yasikatike nyumbani. Na ili mimi nikirudi nisione zizi tupu. Mama alijua. Dada alijua. Sidhani kama kuna mtu Tumati hakujua, isipokuwa msomi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeacha shule. Nakujua."

Nikamuuliza ni yupi. Akanyoosha kidevu kumwonyesha yule mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Nimemkamua kila asubuhi tangu nirudi kutoka Gendabi. Nimemsukuma kwa goti na kumwita mvivu, na sikujua ndiye peke yake aliyebaki.

Nililia pale kwenye turubai kama mtoto, na Baba aliniacha nilie. Hakunibembeleza, hakunifokea. Aliniambia tu niyaokote mahindi niliyoyamwaga.

Shahada moja, ng'ombe mmoja. Hiyo ndiyo hesabu yetu, na mtu aliyesoma maendeleo vijijini miaka mitatu alikuwa hajaijua ya nyumbani kwake. Nilikuwa nakwenda kutafiti nini kwa watu?

Nina hasira, lakini sijui nimkasirikie nani. Dokta hajakosea. Baba hajakosea, au kama amekosea, amekosea kwa namna ambayo siwezi kumlaumu. Halima amenitumia ujumbe kwamba kuna vyuo vingine, kuna nafasi zinatangazwa, nisikate tamaa, niandike kwa watu wengine. Najua ana nia njema. Lakini leo hata kufikiria kuomba kitu naona aibu, wakati nimeshapewa zizi zima na sikusema asante kwa sababu sikujua nimepewa.

Kitu kimoja nimekifanya. Ndiyo maana nimerudi kwenye hili jiwe. Nimemwandikia Dokta, na safari hii sikuanza na mvua. Nimemwamkia, kisha nikaandika kwamba haikuwa chache, zilikuwa kaya zote arobaini, asitumie hata namba moja ya swali la kumi na nne. Nikamweleza na namna ambavyo ningeuliza kama ningekuwa na akili: umuulize mzee ni ng'ombe wa nani wanalala kwake, na wake wanalala kwa nani. Hapo hatajiona anahesabiwa. Atakusimulia watu wake mmoja baada ya mwingine, na wewe utaandika. Sikuomba nafasi. Sikuomba barua. Nilisoma mara mbili kuhakikisha sijaingiza ombi lolote kwa kuzunguka.

Imeonyesha alama mbili za kusoma. Hajajibu. Sitegemei ajibu, ingawa simu ikitikisika naichungulia, siwezi kusema uongo tena leo.

Nikipata nguvu, nitaomba chuo kingine mwakani. Nikikosa, nitarudi Nambis kufundisha. Sijui. Ninachojua ni kwamba sitaki tena mtu auze kitu zizini kwa ajili yangu bila mimi kujua, hata kwa mapenzi. Nimemwambia Baba hivyo. Alisema tu kwamba baridi imezidi, nisikae sana huku nje.

Kesho ni Jumapili. Baada ya misa jumuiya watanizunguka kuniuliza nasafiri lini, maana wameniombea na wana haki ya kujua. Baba amesema nikitaka nibaki nyumbani, atawaeleza yeye. Nimemkatalia. Miaka yote hii amebeba mambo yangu kimya, na watu wakimwona anafungulia ng'ombe wasio wake. Kesho nitasimama pale mlangoni, nitawaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, halafu sitasubiri kuulizwa.